Somo la Lugha na Somo la Historia ya Taifa katika Shule za Butembo na Beni: Mapitio ya Kihistoria

1.0 Utangulizi

Katika mji wa Butembo, na katika mji wa Beni ulio umbali wa kilomita zipatazo 50 kuelekea kaskazini, mtoto wa darasa la saba huishi katika lugha tatu kwa siku moja. Alfajiri huamshwa kwa Kinande. Njiani na sokoni husikia na kusema Kiswahili. Darasani huandika Kifaransa. Jioni, babu yake akimwuliza alichojifunza katika somo la historia, mtoto huyo hujikuta ana tarehe na majina daftarini lakini hana maneno ya kuyasimulia. Babu naye ana masimulizi mengi juu ya miaka ile ile iliyoandikwa daftarini, ila masimulizi yake hayaulizwi katika mtihani. Hivyo wawili hao hukaa nyumba moja, kila mmoja na historia yake.

Makala haya yanachunguza jinsi hali hiyo ilivyojengeka. Yanafuatilia mafundisho ya lugha na ya historia ya taifa katika eneo la Butembo na Beni, mkoani Kivu ya Kaskazini, tangu shule za misheni hadi mfumo wa leo, na yanawahusu hasa wanafunzi wa umri wa kati, yaani wale walio baina ya mwisho wa shule ya msingi na mwanzo wa sekondari. Hoja inayotetewa ni mbili. Kwanza, kutengana kwa masomo haya mawili si upungufu wa mwalimu mmoja mmoja bali ni matokeo ya maamuzi yaliyofanywa kwa vipindi, na mengi katika maamuzi hayo yalikuwa na sababu zake za msingi. Pili, Kiswahili, ambacho kingeweza kuyaunganisha masomo hayo, chenyewe ni sehemu ya historia inayopaswa kufundishwa, na hakiwezi kutumiwa kana kwamba ni chombo kisicho na asili.

2.0 Kiswahili kabla ya shule

Wengi wa wakazi wa eneo hili ni Wanande, wajiitao pia Wayira. Masimulizi ya kimapokeo yanaeleza kwamba wazee wao walivuka mto Semliki wakitokea upande wa Kitara, katika nchi ambayo leo ni Uganda, wakapanda milima ya Mitumba na kuunda himaya ndogo ndogo, zikiwamo za Bashu, Baswagha, Bamate na Batangi. Ndugu zao Wakonzo walibaki katika miteremko ya Ruwenzori upande wa mashariki, na hata leo mtu wa Butembo na mtu wa Kasese huelewana bila mkalimani.

Kabla ya shule, mahali pa kufundishia vijana palikuwa kyaghanda, banda la wazi ambamo wanaume walikutana kuzunguka moto. Humo vijana walisikia nasaba, mipaka ya mashamba, kesi na hukumu zake, hadithi na methali. Lugha na historia havikuwa vitu viwili. Aliyejua kusema vizuri alijua pia nani alitangulia kufyeka msitu upi, na aliyekosea nasaba alisahihishwa palepale mbele ya watu.

Kiswahili kilifika eneo hili kwa njia nyingine kabisa. Katika miaka ya 1880 makundi ya wawinda pembe kutoka Manyema, waliofungamana na wafanyabiashara wa Kizanzibari, yalikuwa yameingia msitu wa Ituri na kukaribia bonde la Semliki. Stanley, aliyepita huko mwaka 1889 akirudi pamoja na Emin Pasha, alikuta vijiji vilivyokwisha kushambuliwa. Watu wa makundi hayo walijiita waungwana, na kutokana na jina hilo lugha yao ikaitwa Kingwana, jina lililodumu katika vitabu vya Wabelgiji kwa miaka mingi. Baada ya vita vya 1892 hadi 1894, ambapo Dola Huru ya Kongo iliwashinda mabwana hao wa pembe na watumwa, lugha yao haikuondoka. Maaskari, makarani na wapagazi wa dola mpya waliendelea kuitumia.

Jambo hili lina uzito wake. Kwa Mnande wa kizazi kile, Kiswahili kilikuwa kwanza sauti ya mvamizi, kisha sauti ya mtoza kodi. Ilichukua muda kabla hakijawa sauti ya padri, ya mwalimu, na hatimaye ya mfanyabiashara wa Kinande mwenyewe. Mwanafunzi anayefundishwa leo kwamba Kiswahili ni lugha yake ya taifa, pasipo kuelezwa safari hiyo, amefundishwa nusu ya jambo.

3.0 Shule za misheni, 1929 hadi 1960

Mwaka 1929 ni mwaka wa mambo mawili. Ndio mwaka ambao mapadri Waasumsio walifika katika eneo hili, ambalo baadaye lilifanywa vikariati ya Beni, kisha jimbo la Beni mwaka 1959, na tangu 1967 jimbo la Butembo-Beni. Ndio pia mwaka ambao serikali ya kikoloni ilichapisha mpango wa kupanga elimu ya misheni zilizopata ruzuku, kitabu kilichojulikana kwa rangi ya jalada lake, la manjano. Waprotestanti wa Kibaptisti nao walikuwa na kituo Katwa, kando ya Butembo.

Mpango wa 1929 ulitaka madaraja ya mwanzo yafundishwe kwa lugha za Waafrika. Kifaransa kiliwekwa kama somo, hasa mijini. Uamuzi huo haukutokana na heshima kwa lugha hizo peke yake. Shule ilikusudiwa kutoa wakulima watiifu, mafundi, makatekista na makarani wachache. Kifaransa kingi kilihofiwa kwamba kingezaa watu wasioridhika. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha mwaka 1986 juu ya lugha na mamlaka ya kikoloni, ameonyesha jinsi Kiswahili cha Kongo kilivyoshughulikiwa na watawala na wamisionari kama kitu cha kupangwa na kusimamiwa, sambamba na nguvukazi yenyewe.

Historia iliyofundishwa katika shule hizo ilikuwa historia ya Ubelgiji na ya kufika kwa Wabelgiji. Leopold II alionekana kama mkombozi. Vita dhidi ya biashara ya utumwa vilikuwa kiini cha hadithi yote. Mtoto wa Beni alijifunza kwa lugha ya waungwana jinsi waungwana walivyoshindwa. Yaliyokuwa yakitokea mbele ya macho yake hayakuwa somo. Hifadhi ya Albert ilianzishwa mwaka 1925, ikiwa hifadhi ya taifa ya kwanza barani Afrika, nayo ikaja kuenea hadi bonde la Semliki. Watu wa bonde hilo walihamishwa kwa sababu ya ugonjwa wa malale, na ardhi yao haikurudi mikononi mwao. Kampuni ya Minière des Grands Lacs, iliyoundwa mwaka 1923, ilichimba dhahabu katika eneo la Butembo. Mambo hayo yalizungumzwa kwenye kyaghanda, si darasani.

Kuanzia 1954 waziri wa makoloni Auguste Buisseret alianzisha shule za serikali zisizo za dini, ambamo Kifaransa kilipewa nafasi kubwa zaidi. Wazazi wengi waliona wazi kilichokuwa kikitokea: waliofundishwa Kifaransa walipanda, waliofundishwa kwa lugha za nyumbani walibaki. Tangu hapo, katika fikra za mzazi, shule nzuri ni shule ya Kifaransa. Fikra hiyo haikutokana na ujinga wala kasumba tu. Ilitokana na kuangalia nani alipata kazi.

4.0 Kifaransa kwa ajili ya umoja

Uhuru ulipatikana tarehe 30 Juni 1960. Katika muda wa wiki mbili jeshi lilikuwa limeasi na Katanga imejitenga; tarehe 17 Januari 1961 Patrice Lumumba aliuawa. Katika hali hiyo ndipo, mwaka 1962, serikali ilipofanya Kifaransa kuwa lugha pekee ya kufundishia tangu darasa la kwanza. Sababu iliyotolewa ilikuwa umoja: kuchagua lugha moja ya Kongo kungeonekana kuwa ni kuwapendelea watu wa upande mmoja, na kuzitumia zote kungeonekana kuwa ni kuligawa taifa. Wakati huohuo mfumo wa sekondari ulipangwa upya, na miaka miwili ya kwanza ikafanywa kuwa ya uelekezaji, yaani kipindi cha kumpima mwanafunzi kabla hajachaguliwa mkondo.

Matokeo yake kwa somo la historia yalikuwa ya ajabu. Kwa mara ya kwanza Kongo ilikuwa na historia ya taifa ya kufundisha, lakini ilifundishwa kwa lugha ambayo watoto wengi wa Butembo na Beni hawakuisikia nje ya uzio wa shule. Mwaka 1964 waasi wa Simba walifika kaskazini mwa Kivu. Amri zao, nyimbo zao na vitisho vyao vilikuwa kwa Kiswahili. Hivyo tukio kubwa la kitaifa lililogusa kila kaya lilibaki katika Kiswahili na Kinande, huku taifa lenyewe likiandikwa ubaoni kwa Kifaransa. Mtihani wa Taifa wa kumaliza sekondari, ulioanzishwa mwaka 1967, ulilifunga jambo hilo: kisichoweza kujibiwa kwa Kifaransa hakikuwa na alama.

5.0 Miaka ya Zaire

Tarehe 27 Oktoba 1971 nchi ilipewa jina la Zaire, na siasa ya kurudi kwenye uasilia ikatangazwa. Mtu angetarajia kwamba hapo lugha na historia zingekutana tena. Kwa kiasi fulani zilikutana, ila katika chuo kikuu. Huko Lubumbashi, kilikohamishiwa kitivo cha fasihi na historia, wanafunzi walitumwa vijijini kwao kukusanya masimulizi ya wazee, kwa kufuata njia ambazo Jan Vansina alizieleza katika kitabu chake cha 1961 juu ya mapokeo simulizi. Huko huko Lubumbashi, Mei 1974, semina ya kwanza ya wanaisimu wa Zaire ilipendekeza lugha za taifa zirudishwe katika shule za msingi.

Kuhusu eneo linalojadiliwa hapa, kazi zilizofanyika wakati huo na baadaye ni nyingi kuliko inavyodhaniwa. Padri Lieven Bergmans alichapisha Butembo maandishi yake juu ya Wanande. Kambale Kavutirwaki alikusanya hadithi za Kinande, zikachapishwa Tervuren mwaka 1975. Randall Packard alitoa mwaka 1981 utafiti wake juu ya utemi na imani za Bashu. Vwakyanakazi Mukohya aliandika tasnifu yake ya 1982 juu ya wafanyabiashara wa Butembo. Miaka mingi baadaye, mwaka 2012, Kavutirwaki na Ngessimo Mutaka walitoa kamusi ya Kinande na Kifaransa. Karibu kazi hizi zote ziko katika Kifaransa au Kiingereza, na hakuna hata moja iliyoandikwa kwa ajili ya mtoto wa miaka kumi na miwili.

Darasani mambo yalikwenda njia nyingine. Mapendekezo ya 1974 hayakufuatwa na vitabu vya kutosha wala mafunzo ya walimu. Mwishoni mwa mwaka huohuo serikali ilitangaza kutaifisha shule za makanisa. Somo la dini likaondolewa na nafasi yake ikachukuliwa na mafundisho ya uraia ya chama cha MPR. Historia ikawa utangulizi wa maisha ya Rais. Tarehe 26 Februari 1977 serikali ilitia saini mkataba na makanisa kuwarudishia usimamizi wa shule, na mkataba huo ndio msingi wa shule nyingi za Butembo na Beni hata sasa. Sheria ya elimu ya 22 Septemba 1986 ilikubali tena lugha za taifa na lugha za mazingira katika shule ya msingi, lakini kwenye karatasi zaidi kuliko ubaoni.

Lugha ya mitaani, hata hivyo, ilikuwa ikijiandikia historia yake. Katika Kiswahili cha Kivu dola huitwa leta, neno lililotoka katika Kifaransa cha watawala. Msimamizi wa kazi ni kapita, neno lenye asili ya Kireno. Kazi ya lazima ya pamoja iliyoamriwa wakati wa Mobutu ni salongo, neno la Kilingala. Mwalimu ambaye angeyaweka maneno haya manne ubaoni, waungwana, leta, kapita na salongo, na kuuliza kila moja liliingia na nani, angekuwa amefundisha karne moja ya historia ya Kongo katika kipindi kimoja, na somo la msamiati ndani yake.

6.0 Shule ya wazazi, shule ya vita

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali iliacha kulipa mishahara ya walimu kwa namna yoyote ya kutegemewa, na shule nyingi nchini zikafungwa kwa migomo. Makanisa na wazazi walikubaliana kwamba wazazi wachangie malipo ya walimu. Mpango huo, uliodhaniwa kuwa wa muda, ulidumu hadi serikali ilipotangaza elimu ya msingi bila malipo mwaka 2019. Katika Butembo, ambako wafanyabiashara walikuwa wamezoea kujitengenezea barabara na huduma nyingine bila kungoja Kinshasa, na ambako Askofu Emmanuel Kataliko alianzisha Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben mwaka 1989, wazazi walibeba shule migongoni mwao. Ni sifa kubwa. Lakini mzazi anayelipa hudai anachoweza kukiona, nacho ni Kifaransa na cheti. Kyaghanda hailipiwi ada.

Kisha zikaja vita. Mwishoni mwa 1996 majeshi ya AFDL yalipita Beni na Butembo yakisema Kiswahili, yakielekea Kinshasa ambako askari wa Mobutu walisema Kilingala. Kuanzia 1998 eneo likawa chini ya waasi wa RCD, na baadaye Beni ikawa makao ya tawi la RCD-ML hadi makubaliano ya mpito ya 2003. Tangu Oktoba 2014 raia wa wilaya ya Beni wameuawa kwa mamia katika mauaji ya halaiki ambayo mengi yanahusishwa na kundi la ADF lenye asili ya Uganda. Tangu Mei 2021 mkoa umekuwa chini ya utawala wa kijeshi. Mwanafunzi aliyezaliwa Beni mwaka 2012 hajapata kuujua mwaka wa amani.

Matukio mawili yanaonyesha gharama ya kuwa na taifa lisilosimuliwa. La kwanza ni Ebola, iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020, baada ya watu 3,470 kuugua na 2,287 kufariki. Matangazo ya mwanzo yaliyotegemea Kifaransa na Kiswahili cha mbali hayakueleweka na wengi. Uvumi, ambao siku zote husema lugha ya nyumbani, ulitangulia. La pili ni uchaguzi wa 30 Desemba 2018. Beni na Butembo ziliondolewa katika upigaji kura wa siku hiyo kwa sababu ya Ebola na ukosefu wa usalama, zikapangiwa Machi 2019, baada ya Rais kuapishwa Januari. Siku ileile vijana wa Beni walipanga foleni na kupiga kura ya mfano ili waonekane. Walikuwa wamelielewa somo la uraia vizuri kuliko kitabu chake. Lakini ni nani aliyewasaidia kuliandika tukio hilo, kwa lugha gani, na katika daftari gani?

7.0 Darasa la saba na la nane katika sheria ya 2014

Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 ilipanua elimu ya msingi kuwa ya miaka minane: sita ya shule ya msingi, na miwili iliyokuwa ya uelekezaji, ambayo sasa huitwa darasa la saba na la nane. Sheria hiyo inazitambua lugha za taifa na za mazingira kuwa lugha za kufundishia na masomo ya kufundishwa. Katiba ya 2006 nayo inataja lugha nne za taifa: Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba, huku Kifaransa kikiwa lugha rasmi.

Tatizo la darasa la saba ni la mahali lilipo. Lugha ya taifa, pale inapotumika kweli, hutumika katika miaka ya mwanzo ya shule ya msingi, kisha humwachia Kifaransa nafasi. Historia ya taifa, kwa upande wake, huanza kufundishwa kwa kina pale ambapo mtoto ameshaiacha lugha anayoimudu. Kwa hiyo lugha humwishia mtoto kabla historia haijaanza. Mwalimu mwenye vitabu vichache na wanafunzi wengi huandika muhtasari ubaoni, wanafunzi huunakili, na mtihani huuliza kilichonakiliwa. Stadi ambazo somo la lugha linapaswa kujenga, yaani kusimulia kwa mpangilio, kuuliza, kutofautisha aliyeona na aliyeambiwa, kuandika barua na ripoti, ndizo hasa zinazohitajiwa na historia. Lakini hujengwa, kama zinajengwa, katika kipindi kingine, kwa mifano ya mahali pengine.

8.0 Kiswahili kipi?

Akikubali kutumia Kiswahili, mwalimu wa Butembo anakutana na swali jingine. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja kufuatia mkutano wa Mombasa wa 1928, chini ya kamati iliyohusisha Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Kongo ya Kibelgiji haikuwamo. Mtoto wa Butembo husema batoto, si watoto. Husema katoto na tutoto, si kitoto na vitoto. Mara nyingi huambiwa kwamba amekosea.

Nassenstein na Bose, katika maelezo yao ya Kiswahili cha Kivu yaliyotoka mwaka 2016, wanakiangalia kama lugha yenye sarufi yake. Mwalimu anaweza kwenda mbele zaidi kwa kukiweka karibu na Kinande: abana ni watoto, abandu ni watu, viambishi vya kudunisha ni aka- na otu-. Hapo mtoto huona kwamba ba- na ka- havikutokana na uvivu wa ulimi bali ni mali ya Kibantu ambayo lugha yake ya nyumbani na Kiswahili cha mtaa wake vinashiriki. Akishaliona hilo, anajifunza umbo sanifu kama nyongeza, si kama adhabu. Tangu Kongo ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022 nyongeza hiyo ina faida ya wazi: ndiyo itakayomwezesha kusoma na kuandika pamoja na wenzake wa Kampala, Nairobi na Dar es Salaam.

Wapo watakaouliza kwa nini kisitumike Kinande, kwa kuwa ndicho lugha ya wengi. Katika Butembo swali hilo lina nguvu. Katika Beni linahitaji uangalifu zaidi, kwa maana wilaya hiyo ina pia Wamvuba, Walese, Watalinga na Wambuti, ambao lugha zao si Kinande. Baadhi yake, kama Kimvuba na Kilese, si za Kibantu kabisa. Mtoto wa Kimvuba aliyetolewa Kifaransa na kupewa Kinande amebadilishiwa mgeni tu. Kiswahili hakina mwenyewe pale, na kwa sababu hiyo kinaweza kuwa cha wote.

9.0 Historia ya nani?

Pingamizi zito zaidi si la lugha. Ni hofu kwamba historia ya mahali, ikiingizwa darasani, itakuwa historia ya kabila. Hofu hiyo haiwezi kupuuzwa katika Kivu ya Kaskazini, mkoa ambao mwaka 1993 uliingia katika mapigano juu ya ardhi na uraia huko Walikale na Masisi, na ambamo swali la nani alitangulia kufika limeua watu. Masimulizi ya kyaghanda yalitunza kumbukumbu, lakini yalitunza pia madai. Mzee anayesimulia jinsi ukoo wake ulivyofyeka msitu huenda asiseme ni nani aliyekuwa akiwinda ndani ya msitu huo kabla ya shoka.

Jibu, hata hivyo, si kunyamaza. Madai hayo hayafi kwa kunyimwa kipindi. Husimuliwa nje, pasipo mtu wa kuuliza maswali. Kinachofaa kufundishwa katika umri huu si hitimisho bali namna ya kupima masimulizi: nani anasema, alikuwapo au aliambiwa, wengine wanasemaje, ni nini kinachokubaliwa na wote. Mwanafunzi akimhoji bibi yake juu ya 1964, na mwenzake wa Kilese akimhoji wake, kisha wote wawili wakaandika kwa Kiswahili na kusomeana, masimulizi hayo mawili yatakuwa yamekutana mbele ya mwalimu badala ya kukutana baadaye mbele ya panga. Wanafunzi hao watahitaji bado kujifunza kwa Kifaransa sura inayohusu mwaka huo, kwa sababu mtihani haujabadilika. Lakini wataikuta sura hiyo wakiwa na maswali ya kuiuliza.

10.0 Hitimisho

Mapitio haya yameonyesha kwamba kila kipindi kilikuwa na sababu yake ya kutenganisha lugha na historia. Wakoloni walitoa lugha za Kiafrika na kunyima historia ya Waafrika. Serikali ya 1962 ilitoa historia ya taifa na kunyima lugha. Zaire iliahidi vyote viwili na kuvitia katika sifa za mtu mmoja. Wazazi wa miaka ya 1990 walinunua walichokiona kuwa na bei. Hakuna katika hao aliyekusudia kwamba mtoto na babu yake washindwe kusimuliana. Ndivyo ilivyotokea.

Vifaa vya kurekebisha hali hiyo havikosekani vyote. Sheria ya 2014 inaruhusu. Tafiti za miaka hamsini zipo, zikingoja kuandikwa upya kwa Kiswahili cha mtoto. Chuo kikuu kipo Butembo kwenyewe. Wazee wapo, ingawa walioiona 1964 wakiwa watu wazima wanapungua kila mwaka. Kinachokosekana ni kitabu kimoja chembamba cha darasa la saba, kinachoanzia mahali ambapo mwanafunzi amesimama na kuishia Kinshasa, badala ya kuanzia Brussels na kutofika Beni. Kazi ya kukiandika ni ya idara za Kiswahili na za historia kwa pamoja, na inafaa ianze kabla masimulizi ya wazee hao hayajafuata wenyewe kaburini.